Metani: divai, kuni na maji ya Kituku

Mwanzoni mwa Juni 2021 nilishuka Kituku kumpokea shangazi yangu aliyekuwa anarudi kutoka Minova. Wiki mbili hivi kabla ya hapo, jioni ya tarehe 22 Mei, Nyiragongo ilikuwa imelipuka, na alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi alitangaza kuhamishwa kwa mitaa 10 ya mji wa Goma, kwa sababu magma ilikuwa imegunduliwa chini ya mji na kuelekea chini ya ziwa. Sote tunaikumbuka barabara ya Sake siku ile, na boti zilizoondoka zimejaa watu na magodoro. Sasa watu walikuwa wanarudi. Chukudu zilikuwa zinapanda tena na mabidoni ya maji, na sambaza zilikuwa zimeanikwa tena juu ya mawe meusi.

Nikiwa nasubiri boti, mama mmoja muuza sambaza, ambaye ananifahamu tangu utoto, aliniita.

«Mwana, weye unasomaka luga. Iyi metani banasemaka ku radio, ni kitu gani?»

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapendi kusema hajui. Nikamwahidi jibu. Kesho yake nikaingia maktaba, nikafungua kamusi inayoeleza asili ya maneno ya Kifaransa, na siku chache baadaye nikarudi Kituku nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu.

«Mama, metani inatoka mu Kigiriki cha zamani. Ndani yake kuko divai na kuni.»

Alitazama ziwa, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka wenzake wakasogea. «Divai na kuni? Mu maji ya Kituku?» Mwingine akasema kwamba basi hiyo si metani, ni utani. Walipomaliza kucheka, yule mama aliuliza swali la pili, na safari hii hakucheka: «Sasa iyo divai na kuni yako itabaua batoto bangu, ao hapana?»

Sikuwa na jibu. Makala hii inajaribu kujibu maswali yake yote mawili: neno lilitoka wapi, na kwa nini kujua lilikotoka hakukunisaidia hata kidogo siku ile.

Vipovu vya ziwa lingine

Gesi yenyewe ilijulikana kabla ya kupata jina hilo. Mwaka 1776 Mwitalia Alessandro Volta, yule ambaye jina lake limebaki katika volti za umeme, alikuwa kwenye Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Alikoroga matope ya kinamasi kando ya ziwa, akakusanya vipovu vilivyopanda juu, akaona kwamba hewa ile inawaka. Aliiita hewa inayowaka ya vinamasi. Waingereza na Wafaransa nao waliiita gesi ya kinamasi, na jina hilo lilitumika kwa miaka mingi. Lilikuwa jina ambalo hata mtoto angelielewa, kwa kuwa linataja mahali kitu kinapopatikana.

Neno «metani» lilianza mbali na kinamasi, kwenye kitu tofauti kabisa. Ukichoma kuni ndani ya chombo kilichofungwa na kuukusanya mvuke wake, unapata kimiminika chepesi kinachowaka kama pombe kali. Wakati ule kiliitwa spiriti ya kuni. Leo tunakiita methanoli. Katika miaka ya 1834 na 1835, wanakemia wawili Wafaransa, Jean-Baptiste Dumas na Eugène-Melchior Péligot, walikichunguza na kuona kwamba ni ndugu wa kileo cha divai. Walihitaji jina la kiini chake. Kama wasomi wote wa zama zao, walikwenda sokoni kwa Wagiriki wa kale, wakarudi na maneno mawili: *methy*, yaani divai, na *hyle*, yaani kuni. Wakayaunganisha na kupata «methylène». Walikusudia kusema: kinywaji cha kulevya kinachotokana na kuni.

Kosa lililokubaliwa

Hapa mwanafunzi wa lugha anapaswa kusimama kidogo, kwa sababu jina hilo lina kasoro.

Kiswahili hakina neno moja linalobeba kila maana ya *bois* ya Kifaransa. Tuna mti unaosimama, ubao uliopasuliwa, kuni za kupikia na msitu wenyewe. Kigiriki cha kale nacho kiligawa maana hizo kwa namna yake. *Xylon* ni mti uliokatwa, ule unaoshikika mkononi, nao ndio uliomo katika jina la zilofoni, ala ya vibao inayofanana na marimba. *Hyle* ilikuwa hasa msitu, magogo ya kujengea na kuni za moto. Waliokijua Kigiriki vizuri waliona kwamba kama Dumas na Péligot walitaka kutaja mti kama kitu ambacho spiriti inatengenezwa nacho, *xylon* ingefaa zaidi.

*Hyle* ilikuwa pia na historia nyingine. Aristotle aliichukua kutoka msituni na kuipa maana ya kifalsafa: ile mali ghafi ambayo kitu chochote kinaumbwa kwayo, kama vile kiti kinavyoumbwa kwa mti. Ni maana hiyo waliyoikusudia Wajerumani Liebig na Wöhler mwaka 1832, walipounda jina «benzoyl». Kwao *-yl* ilikuwa na maana ya mali ghafi, kitu cha asili. Miaka miwili baadaye, Wafaransa wakatumia mzizi uleule kwa maana ya kuni. Mkia mmoja, maana mbili, ndani ya sayansi moja. Na hakuna maabara iliyosimama kwa sababu hiyo.

Neno liliendelea kukatwakatwa. Kutoka «methylène» walipata «methyl». Kisha mwaka 1866 mwanakemia Mjerumani August Wilhelm Hofmann alipendekeza utaratibu wa kutaja gesi na mafuta yanayoundwa na kaboni na hidrojeni tu. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kama wimbo wa chekechea: viambishi tamati vifuate vokali kwa mpangilio wake, *a, e, i, o, u*. Kundi lililojaa hidrojeni kabisa lilipewa *-ane*, lililopungukiwa kidogo likapewa *-ene*, na kadhalika. Gesi ya kinamasi, ambayo ina kaboni moja na hidrojeni nne, ikawa ya kwanza katika mstari: *methane*.

Angalia kilichotokea. Katika «methyl» kuni zilikuwa bado zipo, zimebanwa kwenye *yl*. Katika «methane» zimetoweka zote. Imebaki divai peke yake, na nyuma yake vokali iliyopewa zamu. Na ndani ya gesi yenyewe hakuna divai wala kuni. Kwa hiyo nilipomwambia mama wa Kituku «divai na kuni», nilikuwa nimekosea mara mbili: hata katika neno lenyewe kuni zilikwisha kuondoka mwaka 1866.

Asali iliyotembea

Hiyo divai iliyobaki ina ukoo mkubwa. *Methy* ya Kigiriki ni ndugu ya *madhu* ya Kisanskriti, yenye maana ya asali au kinywaji kitamu, na ya *mead* ya Kiingereza, pombe ya asali. Lugha za Kislavoni na za Kibaltiki zina maneno ya ukoo huohuo kwa asali. Wanaisimu wanaolinganisha lugha hizi wanaona kwamba mzizi wa zamani kabisa ulitaja asali na pombe yake. Wagiriki, waliokuwa na mizabibu, walihamishia jina hilo kwenye divai.

Ndugu mwingine wa neno hilo wengi wetu tumemsikia kanisani bila kumtambua. Amethisto, jiwe la kumi na mbili la misingi ya Yerusalemu mpya katika Ufunuo sura ya 21, ni *methy* iliyotanguliwa na *a-* ya kukanusha. Maana yake ni «isiyolevya», kwa kuwa Wagiriki waliamini kwamba mwenye jiwe hilo halewi.

Tusiwaonee wivu. Nasi tuna asali yetu iliyotembea. Nyuki wa Kiswahili na *ubuki*, asali ya Kinyarwanda, wanatoka mzizi mmoja wa Kibantu. Ni ngeli tu iliyobadilika, mdudu akawa chakula chake. Anayezungumza lugha hizi mbili sokoni Birere kila siku anatembea juu ya historia ndefu kama ile ya *madhu* na *methy*, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni historia.

Kuna kichekesho kimoja zaidi ambacho ziwa letu lenyewe limekiandika. Kuanzia miaka ya 1960, ng'ambo ya mpaka, kwenye Rasi Rubona karibu na Gisenyi, kituo kidogo kilivuta metani kutoka vilindi vya Kivu. Gesi hiyo ilipelekwa kwenye mitambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Yaani gesi yenye jina la kinywaji cha kulevya ilipata kazi yake ya kwanza hapa kwetu katika kupika bia. Dumas na Péligot wangefurahi, lakini ni bahati tu. Jina halikujua linakokwenda.

Samaki mwenye ziwa ndani ya jina

Neno la pili lililozunguka mjini mwaka 2021 lilikuwa *éruption limnique*, mlipuko wa limniki. Hili ni jepesi zaidi. *Limne* kwa Kigiriki ni ziwa au kinamasi. Wataalamu walilihitaji baada ya misiba ya Kameruni, katika Ziwa Monoun mwaka 1984 na hasa katika Ziwa Nyos usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ambako kaboni dioksidi iliyokuwa imeyeyuka vilindini ilitoka ghafla, ikashuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700.

Nilipokuwa nasoma habari hizo niligundua kwamba yule mama, ambaye alisema hajawahi kusikia neno hilo, alikuwa amelipanga mezani mwake kila siku. Sambaza kwa jina la kisayansi ni *Limnothrissa miodon*: *limne* ya ziwa, na *thrissa*, jina la samaki fulani wa Kigiriki. Samaki huyu aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Neno moja la Kigiriki linalisha Goma na linaitisha Goma. Lakini hakuna anayenunua *Limnothrissa*. Tunanunua sambaza, na tunajua sambaza ni nini kwa sababu tunamla.

Mazuku: neno lililosafiri kinyume

Sasa tuje kwenye neno ambalo halikupita kwa Wagiriki. Katika Goma na kuelekea Sake kuna mashimo na mabonde madogo ya lava ambamo kaboni dioksidi inatoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya chini, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mbuzi anaingia na hatoki. Mtoto anafuata mpira na hatoki. Watu wa hapa wanaiita mazuku.

Atokaye Dar es Salaam au Mombasa atakumbuka mara moja mzuka na kitenzi kuzuka, na atasema asili imepatikana. Hapana. Kufanana kwa sauti si udugu. Kungekuwa udugu, metani ingekuwa utani. Mwanafunzi anayetaka kusema mazuku imetoka kwenye mzuka analazimika kuonyesha njia: sauti kwa sauti, lugha kwa lugha.

Kinachojulikana bila shaka ni safari ya neno hili baada ya hapo. Wataalamu wa volkano waliokuja kupima gesi walilichukua kama lilivyo. Leo ni istilahi katika makala zao za Kiingereza na Kifaransa, na haitafsiriwi. Hata sarufi yake imebadilika: *ma-* ambayo sisi tunaisikia kama alama ya wingi, wao hawaioni, na kwa hiyo utakuta katika Kiingereza «a mazuku», shimo moja, na katika Kifaransa wingi wenye *s* mwishoni. Ndivyo tulivyofanya nasi kwa neno *gaz*, tukalifanya gazi. Na *gaz* yenyewe iliundwa na daktari wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, katika karne ya 17, kutokana na *chaos* ya Kigiriki, yaani ule utupu na vurugu ya kabla ya uumbaji. Kila lugha inapopokea neno inalivisha nguo zake.

Tofauti ni hii. Metani ilitengenezwa na watu wawili mezani, kwa maneno ya watu waliokufa, kutaja kitu kingine kisichokuwa gesi hiyo. Mazuku ilitengenezwa na watu waliozika watoto, kutaja kitu kilekile kilichowaua. Maneno yote mawili ni istilahi halali. Lakini ni moja tu linalomfanya mama amwite mtoto wake apande juu.

Jibu la swali la pili

Nilirudi Kituku mara ya tatu, baada ya kusoma mambo ya ziwa badala ya mambo ya neno. Nikamweleza hivi.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 mahali penye kina zaidi. Maji yake yamepangwa kwa matabaka, na yale ya chini, hasa kuanzia mita 260 hivi, ni mazito na yenye chumvi, hayachanganyiki na ya juu. Huko chini kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani. Uzito wa maji ya juu unazikandamiza, kama kifuniko cha chupa ya soda. Maji tunayochota Kituku ni ya tabaka la juu. Ili gesi zipande, lazima nguvu kubwa sana iyainue maji ya chini mpaka vipovu vianze kujitengeneza. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji na kuingia ziwani, na gesi za chini hazikutikisika. Ndiyo maana hatari hiyo inapimwa na kuchunguzwa, wala haipaswi kumkosesha mtu usingizi kila siku. Lakini ikitokea, metani ndiyo inayochangia zaidi msukumo wa vipovu, na kaboni dioksidi, ambayo ni nyingi zaidi, ndiyo inayoziba pumzi za watu walio mahali pa chini.

Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kupanga sambaza mafungu mafungu. Kisha akasema, kama mtu anayemalizia hesabu:

«Basi iyo ni mazuku ya mu maji.»

Nilitaka kumsahihisha, nikajizuia, kwa sababu hapakuwa na kosa. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka chini na kukaa mahali pa chini, na hiyo ndiyo iliyoua Nyos. Kwa maneno manne alikuwa ametaja gesi sahihi, mahali pake na namna inavyoua. Mimi kwa kamusi nzima nilikuwa nimetaja divai. Wanawake waliokuwa karibu hawakuuliza tena maana. Waliuliza kama mtu anapaswa kukimbilia wapi, na mmoja wao akajibu mwenyewe: juu, kama kwa mazuku.

Sisemi kwamba tuache kusoma asili ya maneno. Nimeipenda zaidi tangu siku ile. Inatuonyesha kwamba istilahi zinazotutisha zilitengenezwa na watu, kwa haraka, wakati mwingine kwa makosa, na kwamba zinafanya kazi kwa sababu wanaozitumia wamekubaliana. Asili inaeleza jinsi neno lilivyofika. Maana yake iko kwa wanaolitumia leo, na kama hao hawapo bado, lazima kwanza tuwaeleze kitu chenyewe.

Wengi wetu katika kitivo hiki tutaitwa kutafsiri: matangazo ya redio, mabango ya tahadhari, vikaratasi vya afya. Tutakuta maneno yenye Kigiriki ndani yake, na tutashawishika ama kuyaacha yalivyo kwa kuyaongezea *i* mwishoni, ama kuonyesha kwamba tunajua mizizi yake. Kabla ya hapo inafaa kushuka Kituku na kuuliza kama neno lipo tayari. Metani itabaki metani katika vitabu vya kemia, na ni sawa. Lakini kwenye tangazo la kuhamisha watu, mimi ningeandika kwanza «mazuku ya ndani ya maji», na baada ya hapo ndipo ningeandika lile la Hofmann.